Nilimweka Mama Mwisho wa Foleni

Wasomaji wenzangu, mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Mbekenyera. Haya ninayoyaandika sijawahi kumweleza mtu kwa mdomo. Mdomo wangu huu unaosema sana! Nikifika kwenye jina la mama, unajifunga...

Mama ninayemsema hakunizaa. Aliyenizaa alifariki nikiwa na siku nne tu. Jirani yetu, Bi Somoe, alikuwa ananyonyesha mtoto wake Salumu, akanichukua na mimi akaniweka ziwa la pili. Hivyo ndivyo nilivyopata mama, na ndivyo nilivyopata ndugu. Mtu akimtukana Salumu, mimi ndiye niliyerusha ngumi. Hata leo ningerusha!

Shule sikwenda. Kusoma nilijifundisha kwa karatasi za kufungia sukari. Lilipoanza lile shamba kubwa la karanga kule Nachingwea, nilipata kazi ya kufagia karakana ya matrekta. Humo mlikuwa na Mzungu mmoja, fundi, aliyekuwa na ubao ukutani umejaa misumari. Kila trekta bovu alilikatia kipande cha bati, akakitundika. Asubuhi anavipanga, anavipangua, anakuna kichwa, ndipo anatoa amri lipi litengenezwe kwanza.

Nilimuuliza karani kwa nini bwana huyu anacheza na mabati. Karani akacheka, akaniambia hachezi. Anaifanya kazi ya siku nzima pale ubaoni kwanza, akikosea anakosea kwa bati, si kwa trekta. Na siri yake, akasema, ni kutanguliza matengenezo madogo. Matrekta mengi yanarudi shambani upesi, lile la kazi ndefu linangoja.

Jamani, usingizi ulinipotea kwa furaha! Nilijiona nimeiba akili ya Ulaya kwa ufagio.

Shamba la karanga likafa, tukapunguzwa kazi. Wakati huo Salumu alikuwa amenunua injini kuukuu, ameweka mashine ya kusaga pale Ruangwa. Akaniita. "Njoo ndugu yangu, mimi injini, wewe watu. Maneno unayo."

Foleni pale ilikuwa haina mwisho. Wanawake waliweka vikapu na madebe kwa mstari, wenyewe wakakaa pembeni wanasukana. Desturi ilikuwa moja tu: mtu wa mbali atangulie, ili jua lisimkute njiani. Wengine kwa zamu. Sasa ikawa mtu wa mbali mwenye madebe yake akiingia, wa mjini wenye vibakuli wanakaa mpaka wanachoka, wanarudi kutwanga nyumbani. Na tulisikia mtu mwingine analeta mashine yake. Salumu akaanza kukosa raha.

Nikachukua ungo. Choroko zikawa mizigo midogo, korosho na maganda yake zikawa mizigo mikubwa. Nikamwita Salumu, nikamwambia tazama! Korosho moja ikitangulia, choroko kumi zinakaa juani saa nzima. Choroko zikitangulia, zote zimeshaondoka, na korosho yenyewe haikungoja hata saa. Nani aliyeumia hapo?

Salumu akainama juu ya ungo. Akasema ni vizuri, tujaribu, ila nimwahidi neno moja: mtu wa mbali asilale hapa Ruangwa mzigo wake haujasagwa.

Nikamwahidi. Alipotoka, nikajaribu kuiweka ahadi ile ndani ya ungo. Ikaniharibia mpango wote! Foleni ikawa ndefu tena. Basi nikaitoa... Nilimtoa mtu wa mbali kwenye ungo kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa kijiwe kwenye mchele.

Salumu akasafiri kwenda Lindi kutafuta mkanda wa injini, maana wa kwetu ulikuwa umechakaa. Mashine akaniachia mimi.

Mwanzoni nilikuwa mfalme! Wanawake wa mjini walinisifu, wakanibandika jina, Bwana Ungo. "Bwana Ungo, Mungu akupe mke mwembamba, apite upesi!" Nikacheka nao. Wengi wakarudi kwetu.

Ila wanawake si choroko. Siku chache tu wakaielewa sheria yangu kuliko mimi. Mwenye debe akaligawa vibakuli vinne, akampa dada, wifi na jirani. Wote wakawa wadogo, wote wakatangulia! Wa mbali, aliyetembea kutoka alfajiri, amgawie nani?

Mama mmoja wa Kimakonde mwenye kikapu kikubwa alinigombeza mbele ya watu. Akasema hii si mashine, ni uonevu. Damu ikanipanda. Nikapiga kelele, nikasema sheria ni sheria, hata mama yangu akija hapa atangoja!

Kwa nini Mungu hakunifunga mdomo siku ile?

Wiki haikupita, Bi Somoe akaja. Wajukuu zake walikuwa wanatoka jandoni, na ngoma ilikuwa imebaki siku tatu. Jirani alimbebea madebe mawili ya mahindi kwa baiskeli, akayashusha, akaenda zake. Mama akanijia mlangoni akitabasamu. "Hamisi baba, nisagie. Wageni watajaa, na wenzangu kila mmoja ana jando lake nyumbani, wa kunisaidia kutwanga hakuna."

Nilifungua mdomo nimwambie pita. Sauti ikatoka nyuma yangu, yule yule mama wa Kimakonde. "Haya Bwana Ungo, si mama yako huyo? Tuone sheria!"

Wote wakanigeukia. Na mimi... na mimi nikasema, "Mama, ngoja kidogo. Wadogo wanamalizika sasa hivi."

Hakunijibu vibaya. Aliketi kwenye debe lake moja, mkono juu ya la pili. Hakuwaambia watu kwamba mashine ni ya mwanawe. Vibakuli vikaja, vikaja, vikaja! Alasiri injini ikazimwa, maana ule mkanda haukuweza zaidi. Mama hakufikiwa.

Nilimwambia alale kwetu, kesho atakuwa wa kwanza. Kesho yake nikafungua mlango nikakuta vibakuli vimepangwa mpaka barabarani, na yule mama wa Kimakonde amesimama, mikono kiunoni. Nikaona haya. Si haya ya kumwonea mama, wasomaji! Haya ya kushindwa mbele ya watu. Mama akakaa tena juani, mtandio kichwani, siku nzima.

Injini ilipozimwa alisimama, akajipangusa. "Mwanangu, wewe una kazi. Mimi nitatwanga." Nikamsihi abaki, nitasaga alfajiri. Akasema ngoma haimngoji mtu. Akajitwika debe moja, la pili akaliacha mlangoni kwangu, akashika njia ya Mbekenyera.

Sikumpokea hata mzigo. Nilisimama pale kama gogo.

Alfajiri niliwasha injini kabla mtu hajafika. Nikasaga debe lile, nikalisaga mara mbili liwe laini kama apendavyo. Nikaazima baiskeli, nikafunga unga nyuma kwa gunia, debe tupu nikaliacha pale mlangoni, nikaikanyaga njia nzima huku nayapanga maneno ya kuombea radhi. Nilikuwa na maneno mazuri sana...

Nilisikia vilio kabla sijaiona nyumba.

Alikuwa ametwanga toka alipofika, akalala kidogo, akaamka akatwanga tena peke yake. Waliomwona wanasema aliegemea mchi kama anayepumzika, kisha akaenda chini. Kinuni mlikuwa na mahindi yaliyovunjikavunjika, bado hayajawa unga.

Mwanamke mmoja akaufungua mzigo wangu kwenye baiskeli. Akasema vizuri, unga umekuja. Ndio uliopikwa matangani. Watu walikula unga ule wasijue. Mimi tonge langu nililirudisha kwenye sinia.

Salumu alifika siku ya tatu, mkanda mpya begani. Alikuwa ameshaambiwa yote pale Ruangwa. Nilingoja anipige. Nilitaka anipige! Hakunigusa. Akasema, "Hamisi, nilikuomba neno moja tu."

Kisha akasema, "Nenda."

Huu ni mwaka wa tatu. Ninaziba mipira ya baiskeli hapa Nachingwea. Nimeupanga ungo ule upya mara nyingi, nikaliona kosa. Mimi nilikuwa nachota choroko mkono mmoja, nazipanga, zinakwisha. Sikuwahi kuongeza choroko mpya wakati korosho inangoja. Ungoni foleni ina mwisho. Mlangoni haina! Na korosho haichoki, haina jua kichwani, haina wajukuu. Niliandika mpango mzuri zaidi, aliyengoja mpaka adhuhuri apite kwanza, nikampelekea Salumu kwa mkono wa dereva. Hajajibu.

Dereva huyo ndiye aliyeniambia kwamba pale mlangoni sasa liko debe moja tupu, daima mbele ya foleni. Wa mbali anaweka mzigo wake nyuma yake, anasagiwa. Hakuna anayeuliza debe ni la nani.

Ndugu zangu wenye maduka, mashine na magari, nawaomba! Panga kazi yako kwa choroko, kwa mabati, kwa hesabu, si vibaya, mimi siitukani akili ile. Lakini kabla hujatoa amri, chukua mzigo mkubwa kuliko wote, ukakae mwisho wa foleni yako mwenyewe, juani, toka asubuhi hadi alasiri. Na ukikuta umekosea, geuka hapo hapo, watu wakucheke, wakuzomee, wakuite jina lolote. Mimi niliogopa kuchekwa na watu ambao sasa hata sura zao sizikumbuki.

Sura ya mama, amekaa juu ya debe lake, naiona kila siku.