Tangazo la Nyumba ya Fundi Cherehani

Ningependa kusema haya yalimpata jirani, au mke wa binamu yangu, kama wasemavyo watu wakitaka kulala vizuri. Yalinipata mimi. Shule niliiona kwa nje tu, kwa hiyo mimi nasema na mjukuu wangu anaandika, hapahapa kwenye blogu yake palipokuwa na tangazo la nyumba.

Ilikuwa asubuhi kama asubuhi nyingine. Mimi nachambua mchele, yeye yuko mezani na kompyuta yake, mdomo haupumziki. Ndiyo maana namwita Chiriku. Ni dalali wa nyumba, ila si wale wa kusimama kona na funguo mkononi. Anapiga picha, anaandika, analipia tangazo, na watu wanaliona kwenye simu zao hata wakiwa chooni.

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," nikamtania. "Mbona wewe nyumba zako zinatembezwa hivyo?"

"Bibi, siku hizi hata chema kisipopigwa picha kinaozea ndani." Akacheka. "Watu hawanunui matofali. Ukiandika vyumba vitatu na choo cha ndani, wanapita. Ukiandika nani alikuwa akicheka jikoni, wanapiga simu."

Kisha akanigeuzia kompyuta.

"Hii imenishinda. Mwaka mzima, haipati mtu. Bosi kasema isipotoka mwezi huu, nitoke mimi. Si ndiyo mliyopakana nayo zamani? Nipe hadithi yake, mke mwenzangu."

Nikaitazama picha. Mchele ukanimwagika.

Ningeweza kusema siikumbuki. Lakini ulimi wangu mtamu, na mtoto alikuwa ananitazama kwa shida yake. Nikamwambia chumba cha nyuma alikaa fundi cherehani, mjane, akiimba huku anashona. Mlango wake haukufungwa kamwe. Majirani tuliingia bila hodi, tukatoka na gauni mkononi na kicheko mdomoni. Chiriku aliandika huku machozi yanamlengalenga. Kufika Ijumaa tangazo lilikuwa limesomwa mpaka simu yake inapata moto.

Fundi alikuwepo kweli. Hilo ndilo neno pekee la kweli nililotia mle.

Mumewe alipofariki, shemeji zake waliitaka nyumba. Wakamfungia chumba cha nyuma, komeo kwa nje, mpaka atie saini. Wakasema akili zimemruka. Chumba kile na changu vilitengwa na ukuta mmoja. Siku ya kwanza aligonga ukuta.

"Jirani, nifungulie tu komeo."

Mchana wale wanaume walikuwa kazini na mlango wa uani uko wazi. Hatua ishirini, hazizidi. Nikajiambia ya ukoo hayaingiliwi. Nikawasha redio. Siku ya pili nikaongeza sauti. Siku ya tatu sikuhitaji redio.

Walisema aliugua. Nilikwenda kumzika, sanda imemfunika mpaka nyayo, nikalia kuliko wote.

Sasa wakaja mume na mke, mke ana mimba ya miezi saba. Walikuwa tayari kusaini, ila mke akasema hasaini mpaka aonyeshwe chumba kile na yule bibi wa kwenye blogu. Ningekataaje? Nikavaa gauni langu jeusi, viatu vya kufunika, tukaenda saa nne asubuhi, jua kali.

Chiriku alikuwa ameipamba nyumba. Rangi mpya. Madirisha wazi, mapazia meupe. Komeo lile alikuwa ameling'oa mwenyewe kwa ajili ya picha, matundu yake akayaziba na kuyapaka rangi. Mlango ulikuwa hauna hata kitasa.

"Bibi, tumekuja kwa ajili yako," mke akaniambia, kanishika mkono. "Mume wangu alitaka ile ya barabarani. Nikamwambia mimi nataka humu, nilee mtoto kwenye nyumba iliyopendwa. Chumba hiki ndicho atakacholala."

Nikatikisa kichwa kukubali. Mungu anisamehe, nilikubali.

Akaingia. Mlango ukajirudisha nyuma yake, taratibu, kama umesukumwa na mtu mwenye adabu.

Mume akausukuma. Haukusogea. Akasukuma kwa bega. Chiriku akapapasa pale palipokuwa na komeo, akapata rangi tupu.

Halafu sauti ikatoka ndani. Ya yule binti mjamzito, lakini si maneno yake.

"Jirani, nifungulie tu komeo."

"Komeo gani?" mume akanong'ona. "Mpenzi, hakuna komeo."

Mimi nilisimama. Nikahisi kitu chepesi kinapita begani. Kikavuka hadi bega la pili. Nikadhani jasho. Kikashuka uti wa mgongo. Polepole. Kikazunguka kiuno.

"Jirani."

Hapo nikasema. Mbele ya mjukuu wangu, mbele ya mgeni.

"Nilikusikia. Siku zote mbili, nilikusikia."

Mlango ukafunguka.

Yule binti alikuwa dirishani, mkono tumboni, anatabasamu. Hakujua kama mlango ulifungwa.

"Bibi, mbona hukuniambia fundi bado yupo?" akasema. "Mama mpole kweli. Kaniomba nimpishe, anasema mteja wake amefika."

Niliwaeleza yote palepale koridoni, nikitazama sakafu. Mke akatoka chumbani, mikono yote tumboni. Mume akamshika, akanigeukia. Hakupaza sauti. Heri angepaza.

"Na mtoto wetu, bibi, ungemwacha alale humu?"

Wakaondoka bila kusaini.

Njiani Chiriku, ambaye tangu azaliwe hajanyamaza, alinyamaza. Tulipofika nyumbani akasema neno moja tu, na ndilo linalonila mpaka leo: "Niliwaandikia watu nikijua umenipa ukweli." Akakaa kwenye kompyuta, akalifuta tangazo. Kazi aliipoteza mwisho wa mwezi.

Nikageuka niende chumbani.

"Bibi, simama. Nani kakupaka chaki?"

Akanivua gauni, akanionyesha. Alama za fundi, zile za kupimia. Moja kila bega. Mstari mmoja umeshuka mgongoni. Mmoja umezunguka kiuno. Mmoja kwenye pindo. Mistari imenyooka, hakuna uliokosewa.

Nikakaa kitandani. Chiriku akapiga magoti anivue viatu, vile vya kufunika, ambavyo sikuvivua tangu asubuhi. Akauinua mguu wangu wa kulia. Akautazama.

"Bibi," akanong'ona, "ni nguo gani hupimwa mpaka chini ya nyayo?"

Nikainama nami nitazame. Mstari mmoja mweupe, umekatisha wayo, umechorwa na mkono usio na haraka.