Maji Miguuni pa Abiria

Saa kumi jioni Sista Serafina aliingiza gari la zahanati kwenye gereji ya Akida pale Nyahanga, Kahama, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine ukifuta kioo. Ilikuwa masika ya mwaka sabini na nne. Alikuwa amekuja mjini kuchukua dawa, na ujumbe ulimkuta hukohuko: kijijini karibu na Kharumwa, mama mmoja aitwaye Nyamizi alikuwa na uchungu tangu jana, mtoto hatoki. Lazima akamchukue. Lakini gari linakunywa maji, kioo cha mbele kinafuka mvuke kwa ndani, na miguuni pa abiria kumelowa.

Akida aliyajua maneno ya watu. Masika iliyopita gari hilo lilisombwa na mto, dereva wake Ignas akafia humo. Wanasema maji yake hayajatoka.

Akida hakuwa mtu wa maneno hayo. Alipitisha kidole kwenye kioo, kikateleza kama kimepakwa mafuta. Akanusa zulia. Harufu tamutamu. Akachomoa mipira miwili ya hita, kile kirejeta kidogo cha kupasha joto ndani ya gari. Mmoja akauziba, mwingine akaujaza upepo kwa pampu ya baiskeli.

Ssssss... Chini ya dashibodi matone ya kijani yakadondoka.

"Hita imetoboka, Sista," alisema. "Maji ya rejeta na dawa yake yanavujia ndani. Hakuna mzimu."

Akaiunganisha ile mipira kwa kipande cha bomba ili maji yasipite tena kwenye hita, akakausha zulia, akasafisha kioo. Sista akamwomba amsindikize, gari lisije likamkwamisha. Akida akaketi kushoto. Njia nzima sindano ya joto haikupanda, na kioo kilibaki safi.

Jua lilikuwa linazama walipoteremkia mto uleule uliomchukua Ignas. Maji yalifika nusu ya gurudumu tu.

Kioo kikafuka.

Akida akakifuta. Hakikuteleza. Yalikuwa maji matupu, ya baridi... Ukungu ukarudi, ukaondoka, ukarudi. Kama mtu anayehema. Harufu ya tope ikajaa. Akahisi maji yakimpanda vifundoni.

Kisha ule mkono wa kushushia kioo, mlangoni kwake, ukaanza kuzunguka.

Polepole. Wenyewe.

Aliung'ang'ania. Ukamshinda nguvu.

"Muache," Sista alinong'ona bila kugeuka. "Muache afungue."

Akaachia. Kioo cha mlango kikashuka hadi mwisho, upepo ukaingia, gari likapanda ukingo wa pili.

Walifika nyumbani kwa Nyamizi. Sista alizima injini, lakini hakushuka.

"Siku ile tulikuwa wawili," alisema. "Mimi nilikaa hapo ulipo. Nilitoka kupitia dirisha hilo. Ignas akanishika mguu, nimvute." Akaushika usukani. "Nilimpiga teke, fundi."

Akida akainama kuitazama miguu yake. Kiatu cha kulia kilikuwepo, kamba zimefungwa. Cha kushoto hakikuwepo. Na zulia lilikuwa kavu.

Walikitafuta kwa tochi mpaka Nyamizi alipoletwa amebebwa na kulazwa kiti cha nyuma. Njia ya kwenda hospitali ilikuwa ileile moja.

Nyamizi alifika hai, akajifungua mtoto wa kike. Lakini kabla ya hapo walivuka mto, madirisha yote yakiwa wazi, Sista akiomba radhi kwa sauti ya chini, akimtaja Ignas kwa jina, kutoka ukingo hadi ukingo.

Hakujibiwa.

Kioo cha mbele kilifuka sehemu moja tu. Upande wa Sista.