Hewa ya Pango la Shika Adabu

Nyambura alimwita mumewe, naye akaitika, "Abee."

Nyambura akacheka. Gedion, mwanamume wa Meru aliyeletwa Likoni na kazi, kuitika kama bibi wa Kimvita! Kicheko kikamkauka mara moja, maana sauti yenyewe ilikuwa nzito, ya mtu anayeongea ndani ya pipa. Gesi ya zenoni ukiivuta hukupa sauti hiyo. Nyambura, mhandisi aliyeibuni maabara yao ya kukamua zenoni kutoka hewani, alikimbilia vipimo. Hakuna kilichovuja.

Maabara ilifyonza hewa, ikaipoza mpaka ikawa kimiminika, ikaondoa kila kisichotakiwa, na zenoni iliyobaki ikahifadhiwa kwenye tangi la baridi kali. Hewa ya chumba kizima haitoi zenoni ya kujaza kijiko, kwa hiyo Nyambura alitaka hewa iliyo safi. Mchoroni akaelekeza bomba la kufyonzea kwenye pango la nyuma ya kiwanja, lisilo na vumbi. Wenyeji wa Shika Adabu walimwambia pango lile lina mwenyewe, na pale watu hubisha hodi na kumwaga marashi kabla ya kuchukua hata jiwe. Akasema ataona. Hakuona, alikuwa na haraka, na tuseme ukweli, kiburi pia.

Sasa Gedion alinukia udi, hakutoka jasho katika joto lote la Likoni, na alimtazama mkewe kama mgeni anayekagua nyumba ya kupanga. Ndani ya tangi, kitu kiligonga.

Nyambura akamleta Bi Mwanatatu, mganga wa Bofu.

Mwanatatu alitega sikio kwenye chuma, akanong'ona, "Mwenye pango yuwamo, mwanangu. Mmemtoa kwake mkamfungia, naye amuandama mumeo. Mfungulie."

"Nikimfungulia, Gedion atarudi?"

"Inshallah."

Zenoni yote ile ilikuwa kazi ya miaka, lakini Nyambura alimtaka mume wake. Akafungua vali, na gesi ikapiga mluzi ikipanda bomba la paa, na ndani ya mluzi ule ikatoka sauti nyembamba aliyoijua tangu uchumba wao, ikilia, "Nyambura, funga! Ni mimi niko humu!", naye akairukia vali iliyokwisha kuganda barafu, akaivuta mpaka ngozi ya viganja ikabaki kwenye chuma, huku sauti ikipita juu ya mabati kuelekea Shelly Beach, ikipungua, ikipungua, mpaka akawa hasikii kitu.

Mwanatatu aliketi sakafuni, kaziba mdomo kwa leso. "Wallahi, tuliyemtoa siye mwenye pango."

Nyambura akawasha mitambo yote, ifyonze hewa ya Likoni nzima ikibidi. Hesabu aliijua kuliko mtu yeyote: umri wake usingetosha kumkusanya. Aliwasha tu, akilia.

Mwili wa mumewe ukaja taratibu, ukazima swichi.

"Twende nyumbani, mke wangu," ukamwambia kwa upole.