Kengele ya Uzi wa Buluu

Dawa ya macho ya mzee iliisha saa kumi na moja jioni, na duka la dawa lilikuwa linafungwa saa kumi na mbili. Muuguzi akavaa koti mbiombio.

"Kaa naye, Mama. Nusu saa tu. Simu ikilia usipokee."

"Na mlango ukigongwa?"

"Usifungue."

Mama yake alicheka kidogo. "Mwanangu, mimi hapa ni mgeni au ni mwizi?"

Muuguzi alijishughulisha na zipu ya koti. Swali lilimchoma kama mwiba wa samaki, kwa sababu ya neno alilolisema asubuhi. Nyumba ilikuwa ya mzee, lakini aliyemwajiri ni mpwa wa mzee, mwanamke wa maneno machache na sharti moja: ndugu zako nisiwaone humu. Kibali cha kuishi katika nchi ile ya watu kilifungamana na kazi hiyo. Kazi ikienda, naye anakwenda. Basi asubuhi ile bosi alipiga simu, akasikia mtu anakohoa.

"Nani huyo?"

"Mtu wa usafi," muuguzi alisema upesi, kwa lugha ya wenyeji.

Mama yake aliendelea kufuta meza. Muuguzi akajipa moyo kwamba hakuelewa. Kumbe mama huyo aliijua lugha ile tangu ana miaka sita. Aliisikia akiwa amejificha chini ya meza, katika jiko la wakoloni.

Aliporudi na dawa, giza lilikuwa linaingia. Alifungua mlango, akasimama pale pale.

Harufu...

Ya nguo iliyotiwa wanga, ikapigwa pasi. Na ya mkaa. Mkaa uliokolea moto, ndani ya nyumba yenye jiko la umeme.

"Mama?"

Alipiga hatua moja ndani.

Kisha, chumbani kwa mzee... ti-ling.

Ilikuwa kengele ndogo ya shaba, yenye mpini uliozungushiwa uzi wa buluu, ambayo siku zote hukaa kando ya kitanda. Muuguzi aliijua vizuri, maana huisugua kila Jumamosi. Alijua pia kwamba mzee hajainua mkono wala kutamka neno tangu alipopigwa na kiharusi, miezi minane iliyopita.

Alimkuta amekaa wima. Mbele yake palikuwa na sinia, kitambaa kilichokunjwa pembe tatu, na kikombe cha chai inayofuka moshi. Sikio la kikombe lilielekezwa kushoto. Mzee alikuwa wa mkono wa kushoto, jambo ambalo hata muuguzi alilijua kwa kuambiwa.

"Yaya ameleta chai," mzee alisema.

Kwa Kiswahili.

Muuguzi alirudi kinyumenyume hadi kwenye korido. Mama yake alikuwa amejikunyata sakafuni, mgongo ukutani.

"Mama, umempikia chai?"

"Hata birika sijaligusa." Alinong'ona. "Ni mama yangu."

"Mama yako nani? Bibi si alikufa?"

"Alikufa. Ndiyo."

Kwa miaka sita mama huyu alikuwa anatumiwa tiketi na kuikataa. Mara magoti, mara kuku hawana wa kuwaangalia. Kisha muuguzi akamtumia picha aliyopiga na mzee, na siku hiyo hiyo mama akasema anakuja. Binti alidhani ni mapenzi. Lo! Mama aliona kengele pichani.

"Uzi ule aliuzungusha bibi yako," alisema. "Ili mkono wa yule mtoto usiteleze. Alikuwa yaya wake, mwanangu. Wa huyu mzee. Na watumishi hawakuruhusiwa kuishi na watoto wao, basi akanificha jikoni. Akanifundisha, ukiulizwa, sema mimi si mama yako. Siku alipoanguka akafa, memsahibu, mama wa mtoto huyo, akaniuliza, huyu ni nani wako?"

Aibu ya miaka sitini ilikuwa usoni pake, mbichi kabisa.

"Nikasema si mama yangu."

"Ulikuwa mtoto, Mama."

"Nilikuwa mtoto, lakini ulimi ulikuwa wangu. Akazikwa kama asiye na mtu. Hakuna aliyemwambia kazi imekwisha... ndiyo maana kengele ikilia anaitika."

Ti-ling.

Jikoni, nyayo zikaanza kutembea. Nyayo za miguu mitupu, polepole.

Pa.

Pa.

Pa.

Aproni nyeupe ikatokea kwenye giza la korido. Uso haukuonekana vizuri. Au tuseme ukweli: ulionekana, ila muuguzi aliinamisha macho, kwa kuwa kidevu kile kilikuwa chake mwenyewe.

"Labeka, memsahibu," sauti ilisema.

Mama alijikokota akasimama. Akapaza sauti, aisikie kila ukuta.

"Huyu ni mama yangu! Mimi ndiye mwanawe. Mama... kazi imekwisha. Pumzika."

Aproni ikaanguka sakafuni, tupu. Harufu ya mkaa ikatoweka. Mama aliiokota, akaketi chini akalia, kilio cha mtoto wa miaka saba.

Ndipo ufunguo ukazunguka mlangoni.

Bosi alikuwa amepiga simu mara tatu bila kujibiwa, akaamua kuja mwenyewe. Alimtazama bibi kizee anayelia sakafuni kwake.

"Nani huyu?"

Mama aliinua macho, akamtazama binti yake. Hakumwomba kitu. Alingoja tu.

Muuguzi alilijua jibu, maana alikuwa amelisikia likitamkwa dakika ile ile. Lakini aliona kibali chake, akaona uwanja wa ndege na watu wa mtaani kwao wakimcheka. Akaona haya, na haya zikamshinda.

"Mtu wa usafi," alisema. "Anaondoka sasa hivi."

Chumbani, kengele ikalia. Mlango ulikuwa wazi, na mikono yote miwili ya mzee ilikuwa chini ya blanketi.

Mama akaacha kulia. Akajifunga aproni kiunoni, fundo kwa nyuma, haraka, kama mtu wa kazi hiyo miaka nenda miaka rudi.

"Labeka, memsahibu."

Mzee alifariki wiki hiyo hiyo. Kazi ikaisha, kibali kikaenda nayo. Muuguzi alirudi kwao na mama yake, na kengele ambayo bosi alimpa kama kumbukumbu. Hali iliyompata mama, daktari mmoja alisema ni mshtuko, mwingine akasema ni uzee. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa. Hawakusema yule anayekataliwa na mwanawe huwa nani.

Muuguzi ameshasema. Amewaambia madaktari, amewaambia majirani, ameuambia ukuta: huyu ni mama yangu. Pengine neno hilo humfungua mtu likitoka kwa aliyekana akiwa mtoto, si kwa mtu mzima anayejua analolifanya. Nani ajuaye.

Kila jioni anaweka chakula mezani.

"Mama, njoo ule."

Mama hageuki. Anatazama mlango wa jikoni.

"Mama..."

Chakula kinapoa. Naye lazima ale, amekonda sana. Basi muuguzi anafunga madirisha, majirani wasisikie, anaushika mpini wenye uzi wa buluu, anafumba macho, anatikisa.

"Labeka, memsahibu," anasema mama yake, na anakuja.