Aliyeamriwa Kushuka

Jirani yetu wa mlango wa pili, tunayemwita Mzee Rula, si mtu wa kuota mchana. Kazi yake ni kukagua majengo makuukuu, na mfuko wa shati lake haukosi rula ya chuma. Ukimwambia umeona nyoka mkubwa, atakuuliza urefu. Ndiyo maana haya aliyotusimulia, akiwa amekaa kwenye ngazi za mlango wetu huku chai ikimpoa mkononi, tumeshindwa kuyapuuza.

Ilianza Jumatatu, siku kama siku nyingine. Alikuwa amempeleka mjukuu wake chekechea, msichana wa miaka mitano ambaye kwa jinsi asivyofunga mdomo mtaa mzima unamwita Chiriku. Nyuma ya shule hiyo kuna kiwanda cha sabuni kilichofungwa miaka mingi iliyopita, na ndani ya kiwanda imebaki dohani yake, bomba la moshi la matofali, refu kama ghorofa kumi. Mzee Rula aliinua macho kuitazama, kama anavyofanya kila asubuhi. Karibu na kilele akaona mstari mweusi ambao Ijumaa haukuwepo.

Ulikuwa ufa. Na dohani ilikuwa imeanza kuegemea upande wa shule, ambako watoto arobaini walikuwa wakifukuzana, Chiriku akiwa mbele yao.

Alikwenda ofisini moja kwa moja, akiburuta magoti yake mabovu. Mkuu wa idara ni dada mwenye umri wa binti yake. Yeye mwenyewe ni msikivu, ila sheria zake ndizo hazina masikio.

“Picha iko wapi, mzee wangu?”

“Nimeuona kwa macho yangu, mkuu.”

“Macho yako siwezi kuyabandika kwenye barua. Nataka picha ambayo nitahesabu matofali na kupima upana wa ufa. Bila hiyo sifungi shule ya watu.”

“Basi idara inipe kamera.”

“Fungu la vifaa limekwisha.”

“Nipande ngazi?”

“Kwa magoti hayo?”

Alijaribu kwa simu yake. Ilimpa utepe wa ukungu, na kila alipoikuza picha, matofali yaliyeyuka. Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Yeye alitaka cha angani, na hakuna mhenga aliyemwambia afanyeje. Akaamua kununua kamera kwa mshahara wake mwenyewe: ndogo, ya kuingia mfukoni, yenye lenzi ya kuvuta mbali, na isiyomwacha mifuko mitupu.

Siku hiyo, anasema, ndipo alipojua kwamba duniani kuna watu wanaolipwa kwa kazi ya kumchosha mwenzao. Duka la kwanza walimletea kamera iliyoandikwa kwenye boksi kwa herufi nyekundu kwamba inavuta mara mia na ishirini. Akavaa miwani akasoma maandishi madogo ya ubavuni.

“Hapa wanasema lenzi inavuta mara tano tu. Hizo nyingine ni kuinyoosha picha.”

“Si inakuwa kubwa, mzee?”

“Ukiivuta fulana yako, maandishi ya kifuani yatasomeka vizuri zaidi?”

Muuzaji akaitazama fulana yake. “Lakini ina nukta milioni hamsini.”

“Basi nitaona ukungu kwa nukta milioni hamsini.”

Duka la pili walikuwa nayo aliyoitaka, yenye lenzi ya kweli na kifaa cha kutuliza mtikisiko wa mkono, lakini bei yake ilikuwa mishahara miwili na nauli juu. Duka la tatu bei ilikuwa nzuri, na boksi lilikuwa tupu. La maonyesho tu, wakamwambia, arudi mwezi ujao. Mwezi ujao! Alitoka pale akiwa amekasirika kiasi kwamba alisahau miwani yake kaunta, akalazimika kurudi kuichukua mbele ya macho yao yale yale.

Jumanne asubuhi akaelekezwa kwa fundi kamera mmoja mwenye kibanda chini ya ngazi za jengo la ofisi. Fundi alimtolea kamera tatu zilizotumika. Ya kwanza lenzi yake ilitoka ikakataa kurudi ndani. Ya pili ilizimika mkononi. Ya tatu ilikuwa imechubuka pembe, na kwenye pete ya lenzi ilikuwa na masizi ambayo hata kwa kufutwa na shati hayakutoka.

“Hiyo inavuta mara thelathini,” fundi akasema. “Kwa lenzi yenyewe, si kwa ujanja.”

Mzee Rula alisimama mlangoni, akalenga tangi la maji juu ya paa la ng’ambo, akavuta hadi mwisho. Alihesabu nati za mfuniko moja moja, na kutu juu yake akaiona. Bei ilikuwa robo ya ile ya dukani.

“Kasoro yake nini?”

“Haina kasoro. Ila wateja wawili wamenirudishia.”

“Kwa nini?”

“Eti picha zake zina mtu.” Fundi akacheka. “Nikawauliza, jamani, picha isiyo na mtu ni ya nini?”

Mzee Rula naye akacheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu, akalipa.

Saa tisa alasiri alisimama kwenye ukingo wa uwanja wa mpira, hatua mia na hamsini kutoka kwenye dohani. Karibu zaidi ya hapo kilele hakionekani vizuri. Akavuta lenzi yote. Matofali yakaja, safi, kila moja na pembe zake. Akaifuata ile ngazi ya vyuma vilivyopigiliwa ukutani, juu, juu zaidi, hadi penye ufa.

Mtu alikuwa amesimama pale.

Alikuwa amevaa ovaroli ya kijivu, mikono kwenye vyuma, uso ukutani. Mgongo wake ulikuwa umeuziba ufa wote. Mzee Rula akabonyeza, kisha akaishusha kamera. Kwa macho hakuona mtu. Akajiambia ni umbali tu.

Sasa, ili uelewe alichokosea, lazima ujue desturi ya kazi yao. Mkaguzi akimkuta mtu juu ya jengo bovu, humwamuru ashuke na kumwandika kwenye daftari la kuteremsha. Daftari lina safu nne: nani, saa ngapi, sahihi au dole gumba lake akishafika chini, na ya mwisho, yuko mikononi mwa nani. Safu ya mwisho mkaguzi huandika jina lake mwenyewe. Ukishaliandika, huondoki mpaka mtu huyo akanyage ardhi mbele ya macho yako, nawe umwambie kwa kinywa chako, “Umefika.” Ukiondoka kabla, popote atakapofikia ni juu yako.

“Wewe!” Mzee Rula alipaza sauti. “Shuka! Nimekuona!”

Akatoa daftari kwa hasira, akaandika: mtu mmoja, saa tisa na dakika kumi, mikononi mwangu mimi. Akangoja. Robo saa. Nusu saa. Magoti yakamwaka moto, na ofisi ilikuwa inakaribia kufungwa. Katika miaka ishirini na minane hakuwahi kumwacha mtu juu. Siku hiyo alimwacha.

“Huyu nani umempandisha?” mkuu aliuliza alipoiona picha.

“Sijampandisha mtu. Nimemkuta.”

“Na ufa uko wapi? Mimi naona mgongo.”

“Uko nyuma yake, mkuu! Nyuma yake!”

“Mzee wangu, siwezi kufunga shule kwa sababu ya mgongo.”

Anasema alitamani kuilaza ile rula mezani kwa nguvu. Badala yake alikwenda kumchukua Chiriku, akamshika mkono, na wakati wote wakipita chini ya kivuli cha dohani macho yake yalikuwa juu. Chiriku alisema kwa niaba ya wote wawili.

Jumatano alimsihi binti yake asimpeleke mtoto shule. Binti akamjibu, “Baba, nikae naye nyumbani, kazini aende nani?” Akarudi uwanjani peke yake.

Mkaguzi hupiga picha tatu, kwa utaratibu huo huo siku zote: kwanza penye ubovu, kisha kitako cha jengo, mwisho jengo zima. Alivuta lenzi mara thelathini, akalenga kilele. Hapakuwa na mtu. Ufa ulionekana wote, wa matofali kumi na manne, mpana wa kuingiza mkono. Alifurahi hadi akasema kwa sauti, “Nimekupata!”

Akarudisha lenzi nusu, mara kumi na tano, akalenga kitako na ukuta wa shule. Akabonyeza. Akatazama kioo.

Mtu alikuwamo kwenye picha, chini, uwanjani. Ovaroli ya kijivu. Mgongo.

Mzee Rula hakuogopa kwanza. Alifanya anachofanya siku zote. Alitoa rula, akaiweka kwenye kioo cha kamera. Kichwa hadi kisigino, sentimeta mbili. Akafungua picha ya jana. Sentimeta mbili.

Ukirudisha lenzi, kitu lazima kipungue. Dohani ilikuwa imepungua. Ukuta ulikuwa umepungua. Mtu hakupungua. Akapiga hesabu. Nusu ya kuvuta ni nusu ya njia. Hatua sabini na tano kutoka aliposimama.

Aliinua macho. Uwanja ulikuwa mtupu, na jua likiwaka.

Ilibaki picha ya tatu. Bila hiyo mkuu angesema faili haijakamilika, na watoto wangekaa pale siku nyingine. Akarudisha lenzi yote, hadi mara moja, akalenga jengo zima. Akabonyeza.

Sentimeta mbili.

Hesabu ilikuwa fupi. Hatua tano.

Mgongo bado. Visigino mbele, vikimwelekea yeye. Ndipo akaelewa mwendo ule. Alikuwa anakuja kinyumenyume. Hivyo ndivyo mtu anavyoshuka ngazi.

Hakukimbia, kwa sababu hawezi kukimbia. Alitembea hadi ofisini bila kugeuka.

Mkuu aliipitia picha ya kwanza, akahesabu matofali, uso ukabadilika. Hizo mbili alizitazama pia. “Huyu wa kijivu yupo tena,” akasema, “ila sasa haijalishi.” Akapiga mhuri. Alhamisi shule ikafungwa. Ijumaa saa nne asubuhi, saa ambayo watoto wangekuwa mapumzikoni, dohani ikaanguka, ikalala kwa urefu wake wote juu ya uwanja wa kuchezea. Bembea zilipondeka. Hakuna hata paka aliyeumia.

Jioni ile nyumbani kwake ilikuwa sherehe. Binti yake alilia na kumbusu mikono. Chiriku alikuwa sakafuni akichora. Mzee Rula, akiwa mwepesi moyoni kwa mara ya kwanza wiki nzima, alichukua daftari la kuteremsha ili afunge ukurasa wa Jumanne.

Safu ya tatu haikuwa tupu tena. Palikuwa na dole gumba. Pana, jeusi, la masizi.

“Chiriku,” alisema polepole, “umechezea daftari la babu?”

“Si mimi, babu. Ni yule mjomba. Nilimpa kalamu akaikataa.”

“Mjomba gani?”

“Anayetembea kinyumenyume.” Mtoto hakuinua kichwa kutoka kwenye mchoro. “Alinyoosha mkono nyuma hivi, akabonyeza.”

“Uso wake ukoje?”

“Hajageuka.” Kisha akanong’ona, kama watoto wanavyonong’ona wakipewa ujumbe. “Amesema nikuulize, hapa ndipo chini? Ukisema amefika, atageuka.”

Binti yake alikuwa jikoni akiimba. Mzee Rula alilitazama neno ambalo kazi yake yote ilimfundisha kulisema, akalimeza. Akambusu Chiriku utosini, akachukua daftari na kamera, akatoka.

Hajalala nyumbani tangu siku hiyo; ni wiki ya tatu. Analala ofisini, kwa ndugu, kwenye viti vya vituo vya basi, kila siku mahali pengine. Anaamini kwamba maadamu yeye hatulii, yule mtu bado yuko ngazini, hana pa kufikia. Chiriku humwona kwa mbali, ng’ambo ya barabara, wakipungiana mikono. Bado namwita jirani yetu, ingawa kitanda chake ki baridi.

“Nimemwokoa Chiriku na dohani,” alituambia, na machozi ya hasira yakamlenga. “Nimemwokoa, na siwezi hata kumfunga kamba za viatu.”

Mke wangu akamwambia, kwa wema tu, “Pumzika basi, mzee. Hapa umefika.”

Aliruka. Magoti yale mabovu, lakini aliruka. Alimtazama mke wangu kama mtu aliyeona chungu kikipasuka, akanong’ona, “Mama, usiseme hivyo,” akaondoka bila kuaga.

Chai yake ilibaki pale ngazini. Nilipoinama kuokota kikombe nikaona kwenye saruji alama mbili za miguu, nyeusi, za masizi. Vidole vilielekea barabarani. Visigino vilielekea mlango wetu.

Tumezisugua kwa sabuni na mchanga. Asubuhi ya leo zipo ngazi moja juu zaidi.