Sindano ya Uledi na Sindano ya Sumaya

Uledi alikuwa fundi wa kukamua mawese Rumonge, Burundi. Mkewe, Chausiku, alimtania kwamba kwa jinsi anavyonuka mawese, angeweza kumkaangia ndagala, dagaa wa ziwani, bila kununua mafuta. Mwaka 2004 utani huo uliisha. Uledi alikonda, macho yakawa ya manjano, na uvimbe mgumu ukatokea chini ya mbavu za kulia.

Mganga wa mtaani akamchanja tumboni. Tangu Uledi akiwa mtoto, mganga huyo alichanja nyumba nzima kila mwaka, kwa wembe mmoja. Maumivu hayakupungua. Vita ilikuwa imefunga barabara, magari yakichomwa njiani. Walipofika hospitali Bujumbura, miezi mitatu ilikuwa imepita. Daktari alisema ni saratani ya ini.

Waliporudi, Chausiku alimwendea muuguzi Émérance kwenye zahanati.

"Dada, redio ilisema iko dawa mupya ya jeni. Tutauza hata kinu cha mawese. Wamuchome hiyo!"

"Keti, Mama Sumaya. Jeni ni maagizo ndani ya mwili, tunayarithi kwa wazazi. Wataalamu wanajaribu kuingiza jeni kwenye uvimbe ili ufe. Lakini bado wanajaribu, tena mbali. Haiko dawa ya kununua."

"Na sindano ya kawaida?"

"Ile iko. Daktari anachoma spiriti ndani ya uvimbe, unakufa. Lakini uvimbe uwe mudogo. Ule wa Uledi umekuwa mukubwa sana. Kwake tumebaki na dawa ya maumivu."

Chausiku alilia sana. Sina maneno ya kukipunguza kilio kile.

"Ijumaa mganga anamuchanja Sumaya," alisema baadaye. "Ugonjwa usimufuate."

Sumaya, binti yao, alikuwa na wiki sita tu. Émérance alishtuka.

"Usikubali! Saratani hii mara nyingi inaanza na virusi vya homa ya ini, na virusi vinapita kwa damu. Wembe ule unavibeba. Mulete hapa. Iko chanjo ya kukinga ini, na kila mutoto na sindano yake. Na wewe tutakupima damu."

Ijumaa Uledi alimbeba mtoto mwenyewe hadi zahanati. Alipumzika mara tatu njiani. Sindano ilipoingia, Sumaya alipiga kelele.

"Lia, mama," Uledi alimwambia. "Yako imefika mapema."

Uledi alizikwa kabla ya sindano ya pili ya mtoto. Chausiku alikuwa katika eda, lakini alitoka kumpeleka mtoto kwa sindano ya pili na ya tatu. Mganga alipokuja na wembe wake, alimkuta Chausiku amesimama mlangoni, naye Chausiku hakumpisha.