Papa Asiye na Njaa

Maji yalipoanza kujaa katika Ghuba ya Chwaleni, papamtambo aliamka gatini pake, akatikisa mkia na kuzama. Alikuwa mrefu kama mtumbwi mkubwa, ngozi yake ya mpira ilikwaruza kama msasa, na tumboni alibeba kibofu kilichotoa harufu ya papa wa kweli, ile ambayo samaki huisikia kabla hawajaona kitu. Mbele yake taa, wale samaki bapa waliolala mchangani, waliinuka kwa makundi, wakapiga mbawa zao na kutawanyika. Ndani ya Banda la Doria, kiwambo kiliwahesabu na kuandika kwa rangi ya kijani: wamefukuzwa.

Mhandisi Biubwa Vuai aliitazama kazi ya mikono yake na hakufurahi. Mwaka mzima sasa alikuwa hafurahi.

Papa wa ghuba ile walimalizwa enzi za babu zake, wakavuliwa kwa ajili ya mapezi yao tu. Walipokwisha, taa, ambao ndio waliokuwa wakiliwa, waliachiwa bahari yote. Serikali nayo, kwa kuchelewa kama kawaida yake, ikapiga marufuku kuvua papa na jamaa zake, na taa ni jamaa wa papa. Basi wakaongezeka bila kubughudhiwa na mtu wala samaki. Taa humpenda chaza. Humfukua, humtia kinywani na kumvunja gamba kwa meno yake bapa, kama mtu anavyovunja karanga. Na chaza wa Chwaleni hakuwa kitoweo tu. Kutwa kucha huyavuta maji yenye uchafu na kuyatoa yakiwa safi, na mji mzima ulikunywa maji ya ghuba ile yaliyotolewa chumvi mtamboni. Chaza wakipungua, tope huziba vichujio na watoto huanza kuharisha. Ndiyo maana Biubwa alimuunda papamtambo, si kwa kuua bali kwa kutisha. Aliliambia Baraza la Mji kwamba woga peke yake unatosha, nalo likampigia makofi.

Sasa chaza walikuwa wakipungua tena. Papamtambo hakukosa zamu, kiwambo kilisema taa wamefukuzwa, na bado kila maji yakitoka fungu la chaza, lile tuta la mchanga wanamokaa, lilikuwa na kipara kipya na magamba yaliyovunjika. Kama si taa, basi ni mkono wa mtu. Na watu walioingia funguni walikuwa wanawake wa kuchokoa peke yao, walioruhusiwa kikapu kimoja kila mmoja wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali sana.

"Ni hao hao," alisema Bwana Khatoro, mkurugenzi wa Idara ya Maji, bila kuketi. "Niletee ripoti yenye sahihi yako nilifunge fungu. Atakayeonekana huko baada ya hapo, anakamatwa."

"Nipe nafasi nihakikishe, Bwana Mkurugenzi."

"Hakikisha. Lakini mashine haina sababu ya kuiba, Bi Biubwa. Mwenye tumbo ni binadamu."

Maneno hayo yalimkaa. Bamvua lilipofika, alirusha jichoruka, chombo kidogo cha kupelelezea chenye umbo la membe, yule ndege wa pwani, likaelea juu ya fungu huku yeye akitazama kutoka bandani. Aliwaona wanawake wakichokoa, wakitaniana, wakijaza vikapu na kuondoka. Hakuna aliyezidisha. Mmoja tu alibaki nyuma na ndoo yenye kifuniko. Alitazama huku na huku, akaingia ndani ya mikoko, ambako matawi yalimficha. Alipotoka, ndoo ilimlemea upande mmoja.

Biubwa aliikuza picha, ingawa mwendo ule ungemtosha. Alikuwa dada yake, Shumbana, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Aliona aibu, kisha akaona hasira, na akaishika hasira kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi kuibeba.

Jioni alimkuta Shumbana huyo huyo nyumbani kwake, jikoni, kama kawaida. Mwanaarafa, binti yake Biubwa, alikuwa amejifungua na bado yumo ndani ya arubaini, na kumlisha mzazi ilikuwa kazi ambayo Shumbana hakumwachia mtu. Juu ya mkeka palikuwa na bakuli limefunikwa kawa. Mwanaarafa alikuwa anakula taratibu, mtoto amelala pajani.

"Mchuzi wa papa," alisema Shumbana. "Maziwa yatakuja yenyewe. Na wewe kula, umekonda kwa kukodolea macho hivyo viwambo."

Watu wa Chwaleni hawakuweza kufikiria mzazi asiyekunywa mchuzi wa papa. Tangu papa walipokwisha walitumia papa wa tangi, minofu iliyokuzwa maabara na kuuzwa kwa vipande vya mraba. Biubwa alionja, akakumbuka utoto wake bila kutaka. Halafu ulimi wake ukagusa kitu kigumu. Alikitoa akakiweka kiganjani. Kilikuwa pingili ya uti wa gegedu, ndogo kama shanga.

Alingoja mpaka Mwanaarafa aliposinzia.

"Dada, papa huyu umempata wapi?"

"Sokoni."

"Papa wa sokoni hana uti. Anaoteshwa minofu tu."

Shumbana alipangusa mikono kwa kanga yake, polepole mno. "Kumbe ndiyo kazi yako siku hizi, kunichunguza mpaka kwenye bakuli? Ule mdude wako ulioruka juu ya kichwa changu, ulidhani sikuuona? Membe gani asiyepiga kelele?"

Biubwa aliigeuza ile pingili kiganjani. Alikuwa amemdhania dada yake wizi wa chaza, na sasa alimdhania jambo zito zaidi, kwa kuwa kumshika papa wa kweli kulikuwa na kifungo, kama angalikuwapo papa wa kushikwa.

"Kesho maji yakitoka twende pamoja," alisema Shumbana. "Utazame kwa macho yako uliyoumbwa nayo."

Kesho yake walipita katikati ya mizizi ya mikoko mpaka kwenye vidimbwi vya juu, pale maji yanapobaki yakichemka kwa jua. Katika kidimbwi cha kwanza papa watatu, kila mmoja wa urefu wa kutoka kiwiko hadi vidole, walikuwa wamekufa ubavu juu. Katika cha pili mmoja alikuwa bado anahema. Biubwa alipiga magoti matopeni. Alikuwa ameusomea ukoo huu maisha yake yote, na hakuwahi kuona hata mmoja aliye hai.

"Hupanda wenyewe," alisema Shumbana. "Maji yakijaa hukimbilia huku juu, tena mbio, hata pasipofaa. Yakitoka wanabaki. Mie nawaokota. Ningewaacha waoze?"

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi au kabla yake."

"Na hukuniambia?"

"Nikwambie wewe? Anayekutwa na papa anafungwa, na wewe ndiye serikali."

Biubwa hakukasirika. Alikuwa anafikiri neno moja alilolisikia. Mbio. Samaki mchanga hukaa chini ya mikoko, kwenye kina cha magotini, kwa sababu hapo ana chakula na kivuli. Hapandi kwenye vidimbwi vya kumuua ila kama kuna kinachomfukuza. Na papa mdogo duniani anamwogopa nani kuliko papa mkubwa, anayemla bila kuuliza ni mtoto wa nani? Alifungua kibao chake cha mkononi na kutazama njia ya zamu. Papamtambo, kila maji yakijaa, alipita mlangoni mwa kijito cha mikoko, akimwaga harufu yake.

Papa walikuwa wamerudi wenyewe, labda mama mmoja au wawili kutoka bahari kuu, kuja kuzaa pale walipozaa wazee wao. Na mashine aliyoiunda ishike nafasi yao ilikuwa imesimama mlangoni ikiwafukuza.

"Basi chaza wanaliwa na nani?" aliuliza kwa sauti, ingawa alianza kujua.

Walikaa juu ya mzizi mpaka maji yakajaa. Papamtambo alipita akielekea funguni, mkubwa na wa kutisha. Mbele yake taa waliinuka wakatawanyika, kama kiwambo kilivyoonyesha siku zote. Kisha Biubwa aliona kile ambacho kiwambo hakikuwahi kumwonyesha. Taa walizunguka pembeni bila haraka, wakapita ubavuni mwa mashine, wakatua nyuma yake na kuendelea kula. Wengine walimfuata chinichini, kwenye kivuli chake. Papamtambo hakuwa na macho nyuma. Biubwa alimpa macho ya mbele tu, kwa kuwa papa hatazami alikotoka.

"Wamemzoea," alisema Shumbana kwa mshangao. "Kama kuku na mbwa wa nyumbani."

"Wamejua hana njaa. Wazee wao walimkimbia, hakumla hata mmoja, wakaacha. Hawa papa wachanga hawajajua, ndiyo maana wanakufa."

Simu ya Bwana Khatoro ilimkuta hapo hapo. Alitaka ripoti kabla ya magharibi. Biubwa alimweleza yote, mpaka vidimbwi, akataka mtambo uzimwe.

"Basi tumpe meno," alisema mkurugenzi. "Akila taa wawili watatu, wengine watashika adabu."

"Wanawake wanaingia majini mpaka kiunoni. Atajuaje mguu na taa?"

"Mashine hufundishika."

"Hii nimeifundisha mwenyewe, na unaona ilichojifunza."

Bwana Khatoro alikohoa. "Nasikia huyo Shumbana ni dada yako, tumbo moja. Jichoruka lilimnasa na ndoo, na picha zake hufika hapa Idarani. Leo unaniambia hana hatia, na mtambo uzimwe. Mtu mwingine angeshangaa."

"Ni dada yangu. Andika utakavyo, lakini mimi siweki sahihi."

Alipokata simu alijua wangemfungia namba za siri muda si mrefu. Papamtambo alikuwa anarejea, amefika mlangoni mwa kijito. Biubwa aliandika amri kwenye kibao. Kule mbali mkia ulisita, mgongo mweusi ukatulia, tumbo likalalia mchanga, na kazi ya miaka yake yote ikanyamaza. Machozi yalimtoka naye hakuyafuta.

"Sasa taa si watamaliza kila kitu?" aliuliza Shumbana.

"Watakula sana. Papa hukua polepole mno. Maji ya mji yatachafuka, na watanilaani."

"Na mzazi wetu atakunywa mchuzi gani?"

"Wa taa. Tuwavue wao mpaka hawa wakue."

"Taa nao ni marufuku."

"Basi tutafungwa pamoja, Dada. Utapika huko huko."

Shumbana alicheka kidogo, akamteka papa aliyekuwa anahema kwa ile ndoo yake, wakateremka naye mpaka mlangoni mwa kijito. Wanawake wa kuchokoa walikuwa wamesimama ukingoni wakiukodolea macho mtambo uliolala. Habari za jichoruka zilikuwa zimewafikia. Walimwitikia Shumbana salamu, Biubwa hawakumtazama.

Papa mdogo alipoachiwa aliogelea kuelekea maji makubwa, kisha akasimama ghafla. Alirudi, akazunguka, akasimama tena. Harufu ilikuwa bado ikivuja, na lile dude, hata likiwa limezimwa, lilikuwa limeziba njia. Alianza kurudi juu, kule kwenye vidimbwi.

Biubwa aliingia majini na nguo zake za ofisini, akaukumbatia mkia wa mpira na kuvuta. Haukusogea. Alivuta tena, akateleza, akainuka. Nyuma yake alisikia maji yakichanwa na miguu. Shumbana alishika pezi upande mmoja, na baada yake wakaja wenziwe, mmoja mmoja, bila neno. Walivuta pamoja, na papamtambo akasota polepole juu ya mchanga mpaka mkondo ukampokea na kumpeleka kando. Kitu chembamba cha kijivu kikapita karibu na magoti yao kikitoka nje.

Biubwa alitaka kuwaomba radhi, ila hakujua aanzie kwa nani. Mwanamke aliyekuwa karibu naye alikamua upindo wa kanga yake.

"Na ule mdude wako unaoruka, uko wapi?"

Biubwa alilitoa jichoruka mfukoni, mbawa zake zimekunjwa, akampa. Yule mwanamke aliligeuza kuangalia pande zote, akalitia ndani ya kikapu chake chini ya chaza, akalifunika.